Kwa Mwanangu Njue, Kuhusu Magurudumu

Majimbo, Embu
Jumapili jioni

Mwanangu Njue,

Najua umeshacheka. Una miaka ishirini na minne, una ndevu na cheti cha kilimo, na anayekuita mwanangu ni msichana wa kidato cha tatu. Lakini wewe ndiwe uliyeanza. Tangu nikiwa mdogo unaingia nyumbani ukiuliza, "Mama, umenipikia nini?" na wageni wasiotujua wanageuka kumtafuta huyo mama. Mimi ni binti wa kwanza, kwa hiyo nilipewa jina la cucu, nyanya yangu aliyewazaa wewe na baba. Kwa desturi yetu basi, baba ni mwanangu wa kwanza na wewe ni kitinda mimba wangu. Watu wengine wanaona ni utani. Cucu hakuona hivyo. Mwaka wake wa mwisho, tukichambua maharagwe, aliniambia bila kuinua macho, "Mimi nikienda, huyu wa mwisho bado hajaiva. Utamwangalia." Nikajibu ndiyo, cucu, kama mtu aliyetumwa chumvi dukani.

Sasa cucu hayupo, na kesho unaondoka nyumbani kwetu ulikokuja kuishi baada ya mazishi yake. Nimeona barua hii ni kazi yangu. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiembu chetu sijawahi kukiandika zaidi ya salamu, na Kiingereza kingenifanya niandike kama niko kwenye mtihani.

Sitakukumbusha sweta. Mama yangu amekueleza baridi ya huko Kibirichia unakokwenda kazini mara nyingi mpaka mimi ndiye ninayeisikia. Wala sitakuambia habari za chakula, kanisa na marafiki, maana hayo umeambiwa mezani na kila mtu. Mimi nitakuandikia juu ya magurudumu. Ni jambo pekee ambalo nililijua kabla yenu, na nusura litunyang'anye wewe.

Unakumbuka vile vifuniko viwili vya mikebe ya rangi? Nilikuwa nimetoka kufundishwa fizikia shuleni, na likizo ilipofika nikakuita nyuma ya nyumba. Kifuniko kimoja nilikibandika donge la udongo wa mfinyanzi katikati. Cha pili nilikibandika udongo kiasi kile kile, lakini nikautandaza ukingoni, pande zote. Uzito wa vyote viwili ulikuwa sawa. Tukaviachilia pamoja juu ya mlango wa zamani tuliouegemeza ukutani. Wewe ulilala chini kwa tumbo kama refa. Kila mara kile chenye udongo katikati kilifika kwanza, na kila mara ulisema nimeiba, turudie.

Nilikueleza kwamba uzito ulio ukingoni mwa gurudumu una kazi mara mbili: unasukumwa mbele pamoja na gari, na pia unazungushwa. Ndiyo maana gurudumu zito linachelewa kuondoka na linachelewa kusimama. Tena gurudumu halibebwi na springi. Springi zinawabeba abiria na mizigo, lakini gurudumu liko chini yake, uso kwa uso na barabara. Likiwa zito, likirushwa na jiwe linachelewa kurudi chini, na kwa muda huo mdogo tairi haishiki kitu, hata breki inashika hewa. Likiwa jepesi linarudi haraka, linafuata barabara kama kidole kinachosoma maandishi. Usukani nao unakuwa mwepesi, na gari linaingia kona pale pale ulipoliambia liingie.

Ulinisikiliza mpaka mwisho. Sijui kama unaelewa lilikuwa jambo kubwa kiasi gani. Kanisani nikiambiwa nisome matangazo natamani kuugua. Darasani ninajua jibu na mkono haupandi. Na hapo alikuwako mtu mzima, mwenye gari, amekaa kwenye vumbi ananiuliza, "Sasa hizi rimu zangu za chuma ni nzito?" Nikakusomea kitabu cha maktaba ya shule kilichosema kwamba rimu za chuma ni nzito na za aloi ni nyepesi. Hapo nikakifunga. Ukurasa haukuwa umeisha. Nilikifunga kwa sababu ulikuwa tayari umesimama na kusema, "Mama, umemaliza kesi."

Jumamosi iliyofuata ulirudi na rimu za aloi zinazong'aa kama sufuria za harusi. Zilikuwa kubwa kuliko zile za chuma, na tairi zake nyembamba kama mkanda. Gari lilisimama juu kama kuku anayevuka matope. Vijana wa hapa mtaani walikuja kujitazama nyuso ndani yake, na mmoja akakuuliza kama sasa unahama Majimbo, maana mtaa haukufai tena. Ulicheka siku nzima. Mimi nilisimama mlangoni nikijua kwamba furaha ile imetoka kwenye vifuniko vyangu viwili, na nilijivuna. Huo ndio ukweli.

Halafu likaanza kuonekana jambo ambalo hakuna aliyelisema. Tukipanda kutoka mtoni Rupingazi kuja mjini, pale ambapo gari lilikuwa likipanda bila taabu, sasa ulishusha gia na bado likahema. Kwenye mawe ya hapa mtaani kila jiwe lilitufikia menoni. Ukikata usukani hadi mwisho, tairi ilisugua ndani ya bodi, ikasaga. Niliporudi shuleni nilikitafuta kile kitabu na kufungua ukurasa niliouacha. Kilisema, kwa maneno ya upole kabisa, kwamba aloi ni nyepesi kwa saizi ile ile. Ukiikuza rimu, uzito mwingi unakwenda mbali na katikati, na nyingine zinakuwa nzito kuliko zile ulizotoa. Kilisema pia kwamba tairi nyembamba haiachi kitu cha kuikinga rimu na mashimo, na kwamba rimu ya chuma ikigonga inapinda lakini aloi mbovu inapasuka.

Nilirudi likizo na ukurasa ule kichwani, na sikuutoa. Kila asubuhi nilisema nitakuambia ukinywa chai. Ukanywa chai. Nikasema nitakuambia jioni. Watu wanadhani sisi tusiosema sana tuna busara. Mara nyingi tunaogopa tu kuonekana tumekosea.

Mwisho wake unaujua, lakini acha niusimulie kama ulivyoonekana kutoka kiti cha nyuma. Tulikuwa tunatoka Runyenjes kumwona shangazi. Baba alikuwa mbele nawe, mimi nyuma na kikapu cha maparachichi. Mvua ilikuwa imenyesha na shimo lile kwenye kona lilikuwa limejaa maji, likafanana na barabara. Gurudumu la mbele la kushoto liliingia. Nilisikia mlio kama wa sahani, upepo wa tairi ukatoka wote mara moja, na ukakanyaga breki gari lisisikie. Maparachichi yalipaa. Tulikwenda kushoto, tukashuka, tukasimama katikati ya shamba la muguka, ile miraa inayotafunwa majani, matawi yakiwa yameshika madirisha pande zote.

Akatokea mama mmoja na jembe begani, akatutazama mmoja mmoja.

"Mko wazima wote?"

Baba akasema tuko wazima, tunamshukuru Mungu.

"Basi tokeni kwa muguka yangu," alisema. "Wanunuzi wengine huingia kwa miguu."

Wewe ulicheka, kisha mikono ikaanza kukutetemeka, ukaiweka chini ya mapaja ili baba asiione. Mimi niliiona.

Baba hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Alisema gari liuzwe. Ulimkumbusha kwamba kikundi cha mbegu za viazi kule Kibirichia kinataka mtu mwenye gari lake, wa kuzunguka mashamba, na kwamba bila gari kazi hiyo ni ya mtu mwingine. Akasema na iwe ya mtu mwingine. "Sitamzika mtoto wa mama yangu kwa ajili ya urembo wa gari." Nawe ukajibu kwamba ni kweli, kosa ni lako, ulipenda kung'aa. Hukutaja vifuniko. Hukutaja kitabu. Ulinificha nyuma yako kama mzazi anavyomficha mtoto, na mimi ndiye niliyeahidi kukuangalia.

Jioni ile githeri ilipoa kwenye sahani yangu. Niliweka kijiko chini na kusema rimu zile ni shauri langu, na kwamba nilisoma nusu. Sauti yangu ilitoka ndogo mpaka mama akapunguza redio. Nikaeleza yote, vifuniko, ukingo, saizi, ukurasa niliouacha. Baba alitafuna polepole.

"Kwa hivyo ni kitabu kimetuangusha?"

"Kitabu kilisema vizuri, baba. Mimi ndiye niliyekifunga mapema."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja. Wewe ndiwe uliyesema, ukiangalia meza, kwamba hata wewe ulisikia tairi ikisaga, lakini ulidhani ukilalamika nitaacha kukufundisha. Kisha baba akakohoa na kusema kwamba alisikia gari likihema pale kilimani siku ya kwanza kabisa, akanyamaza kwa sababu hakuwa amekuona ukicheka hivyo tangu mazishi. Mama akasema yeye alifikiri ni gari lenyewe limezeeka kama wote waliomo ndani. Hapo tukacheka, na nafikiri ndipo pumzi yangu ya kwanza ilipotoka.

Mwanangu, jambo hilo nimelibeba kuliko fizikia yote. Sote tulikuwa ndani ya gari moja, sote tulilisikia likisaga, na kila mmoja alinyamaza kwa kumpenda mwenzake. Wakati huo wote tulikuwa tunaenda.

Asubuhi baba hakutaka maneno tena, alitaka kuona. Tukabeba gurudumu moja la chuma lililokuwa stoo na moja la yale makubwa, yote yakiwa na tairi zake, hadi kwa yule jirani anayenunua njugu za makadamia. Mizani yake inaning'inia kwenye boriti. Alipotuona alisema, "Leo hizi makadamia zenu zimekomaa kweli." La chuma likapandishwa, mshale ukasogea. Likapandishwa lile linalong'aa, mshale ukapita pale ulipokuwa umesimama, ukaendelea kidogo, ukatulia. Hakuna aliyeniangalia. Jirani akauliza nani aliyeshinda, baba akasema, "Kitabu." Kisha akakuambia kitu ambacho sikukitarajia: ukipata rimu nyepesi za kweli, saizi ile ya zamani, yeye mwenyewe atakaa mbele mkienda na kurudi kwenye kona ile. Gari likimtii, atafikiria upya.

Ulitafuta karibu mwezi mzima. Zile ulizoleta mwishowe zilitoka kwenye gari lililogongwa nyuma, zina mikwaruzo, rangi ya majivu, na hazina uzuri wowote. Vijana wa mtaa walikupa pole. Lakini fundi alizigonga moja moja kwa mpini wa nyundo akisikiliza kama zimepasuka, akazizungusha kuona kama zinacheza, na jirani akazipima. Mshale ulisimama mapema sana mpaka akaugusa kwa kidole kuona kama umekwama. Ulipolifunga la kwanza, gari likiwa juu ya jeki, uliniita nilizungushe. Nililisukuma kwa kidole kimoja. Likazunguka, likazunguka, bila sauti. Nilitaka kulia, nikajifanya natafuta nati.

Sasa leo mchana. Nataka uwe na habari yake kwa maandishi, ili siku kule juu ukiwa peke yako na ukungu umefunga uisome.

Tulitoka kanisani, baba akaingia mbele na suti yake, mimi nyuma, safari hii bila maparachichi. Kwenye kilima gari lilipanda ukiwa bado unaongea. Kwenye matuta ya barabara mbovu nilihisi magurudumu yakishuka na kupanda chini yetu, haraka, na sisi tumetulia juu. Baba alikuwa ameshika kishikio cha mlango kwa mikono yote miwili, akitazama mbele kama mtu anayesubiri sindano. Tulipokaribia kona ile, mbuzi akakatiza na kamba yake inaburuta, na nyuma yake mtoto. Ulikanyaga breki. Gari likainama kidogo, likashika, ukalikwepesha lile shimo, likarudi kwenye mstari wake, likasimama. Mbuzi alituangalia. Mtoto akaokota kamba akaenda zake. Yule mama wa muguka alikuwa shambani, akanyoosha mgongo, akapaza sauti kuuliza kama leo tumepita tu.

Baba aliachia kishikio. "Imesikia," alisema. Neno hilo tu.

Njia nzima ya kurudi mimi nilikuwa nahesabu mashimo ili nisifikiri. Tulipofika hapa uani, mama amesimama mlangoni, jirani wa makadamia ameegemea ua, baba alishuka, akapangusa suti, akanigeukia mimi. Nilidhani ataniomba maji. Akasema kwa Kiembu, kwa sauti ile aliyokuwa akitumia kwa cucu, "Mama, mtoto wako huyu. Unasemaje, aende?"

Unajua nilivyo. Watu wote wale. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani jina langu liwe lingine. Halafu nikaangalia mikono yako kwenye usukani, na haikuwa inatetemeka.

"Aende," nikasema.

Na ulinisikia, kwa sababu ulipiga honi.

Tangu wakati huo nimekuwa mwepesi. Nimeosha vyombo bila kuagizwa. Nilifikiri nitakuwa na huzuni nikikuandikia, na huzuni ipo, lakini imekaa nyuma kama abiria mpole. Mbele kumekaa nafuu. Nilikuwa nimezoea kuamka nikisikia ule mlio wa sahani.

Acha nimalizie na machache ya magurudumu, maana ndiyo niliyoahidi. Wepesi usikulevye. Gari linalotii haraka linakushawishi uliombe makubwa, na magurudumu hayajui kona iliyo mbele, ni wewe unayeijua. Usizikuze tena rimu hizi, hata Kibirichia wakikuambia gari lako linafanana na la mwalimu mstaafu. Gurudumu la akiba nililokuwekea nyuma ni la chuma, lile la zamani. Kwenye njia za mashambani likigonga jiwe litapinda, utaligonga kwa nyundo, litakufikisha. Vitu vizito navyo vina siku yao.

Na kila jioni ukitoka mashambani, ingiza mkono ndani ya rimu utoe udongo. Udongo ule wa viazi unashika kweli, na ukigandamana ukingoni utakuwa umerudi kwenye kifuniko changu cha pili. Ukihisi usukani unatikisika, usingoje uzoee. Ukisikia kitu kinasaga, mwambie mtu. Nipigie hata kama niko shuleni, mwalimu wa zamu ataniita. Nami nikisikia kwenye sauti yako kitu kinachosaga, nitasema siku hiyo hiyo, hata kama sauti itatoka ndogo.

Jambo moja limebaki. Cucu alipombariki mtu anayesafiri alimtemea mate kidogo kifuani, unakumbuka, na wewe ulikuwa ukikunja uso na kujipangusa akigeuka. Kesho asubuhi ingenipasa nikufanyie hivyo mbele ya wote, na hilo, mwanangu, siliwezi. Neno "aende" limemaliza ujasiri wangu wa mwaka huu. Kwa hiyo jioni hii, mlipokuwa ndani mkifunga mizigo, nilitoka, nikatema kidogo kwenye kidole, nikagusa gurudumu la mbele la kushoto, hapo katikati ambapo hapazidishi uzito. Kuna vumbi la Runyenjes, kwa hiyo alama imebaki.

Udongo mwingine wote utoe. Hiyo usiioshe mpaka ufike.

Mama yako,
Wawira